Kijiko cha Sita

Siku tuliyomzika Righa, Mzee Zakaria alinijia nikiwa nimeketi chini ya turubai na sahani ya pilau mapajani, akainama mpaka nikanusa dawa ya kuchua aliyojipaka mabegani, akaniuliza, "Mwende, ule wa vijiko mtautia?" Sikumwona akija, nilimsikia. Mzee wa miaka themanini, mwenye mkongojo wenye kiatu cha mpira, angeweza kunijia kimyakimya kabisa, ila kiunoni bado ananing'iniza kicha kile cha funguo alichokuwa nacho alipokuwa mzee wa kanisa na mshika funguo wake. Makufuli ya kanisa yalibadilishwa zamani. Zile funguo siku hizi sijui zinafungua nini. Mimi ni mtu mzima, nina mjukuu, na bado mlio ule uliponifikia kijiko kilinitoka mkononi kikaanguka mchangani. Akakiokota yeye. Akakipangusa kwa leso yake, mbele na nyuma, bila haraka, akanirudishia. "Wimbo mzuri sana ule," akasema. "Mke wangu aliupenda." Sikuweza kula tena.

Alichokuwa akiulizia ni albamu. Asubuhi ile, kabla jeneza halijafungwa, Oti aliyekuwa mpiga ngoma wetu alisimama akawatangazia waombolezaji kwamba atakusanya nyimbo bora za Gati Tisa, za miaka yote thelathini, azitoe katika albamu moja kwa heshima ya Righa. Watu wakapiga makofi msibani, jamani, kwa namna walivyotupenda. Gati Tisa ilikuwa bendi ya roki ya Kikristo, wakati ambapo kanisani kwetu watu walijua kwaya na kinanda basi. Sisi tulikuja na magitaa yanayokwaruza na ngoma za kutetemesha madirisha, na maneno ambayo hayakumtaja Yesu kila mstari, jambo lililowakera wazee kuliko hata makelele. Righa aliimba kwa zaidi ya robo karne. Mimi nilipiga gitaa la besi mwaka mmoja tu, nikatoka, na sijaligusa tena. Lakini wimbo wa kwanza kupendwa, ule ambao hadi leo watoto wa Tononoka wanarukia kamba bila kujua ulitoka wapi, ulitoka mwaka ule wangu.

Siku mbili baada ya mazishi Oti akanipigia simu. Alikuwa na furaha ya mtu mwenye kazi ya kumsahaulisha huzuni. Alisema wimbo wa kwanza kwenye albamu ni "Vijiko Sita", hilo halina mjadala, mjane wa Righa ameuomba kwa kinywa chake. Tatizo ni kwamba siku hizi kila wimbo lazima uandikwe nani alitunga maneno, na kwenye kaseti ya zamani pameandikwa jina la bendi peke yake. "Righa aliwahi kuniambia ni wewe," akasema. "Niandike Mwende?" Nikamwambia asiandike. "Basi niandike nani?" Nikamwambia anipe wiki mbili. "Dada, mbona sauti yako hivyo? Unaumwa?" Nikamwambia ndiyo, naumwa, nikakata simu. Nilizaliwa mwoga. Hata funguo zangu za nyumba sizitii kwenye pete. Natembea na ufunguo mmoja, nimeuvingirisha kwa kitambaa usilie.

Kwetu na wazazi wangu nitawaacha, hawamo katika habari hii. Mwaka ule nilikuwa na miaka kumi na tisa, nikipiga taipu katika ofisi ya wakala wa forodha, na nilipanga chumba Mji wa Kale, ghorofa ya juu kwa Bi Zuhura, mwendo mfupi kutoka Ngome ya Yesu. Wenzangu wa kanisani walinishangaa, msichana wa bara, Mkristo, kwenda kukaa na Waislamu wa asili katikati ya vichochoro vile. Mimi nilikipenda chumba. Kilikuwa chembamba na kirefu, dari ya boriti, dirisha la mbao lenye vipenyo vya kutazamia njiani bila kuonekana, na asubuhi harufu ya mahamri ilipanda ngazi kabla ya Bi Zuhura mwenyewe. Bi Zuhura alikuwa mjane mnene wa vicheko vingi. Sheria yake ilikuwa moja: mwanamume asiye wa nyumba hii hapandi ngazi, awe nani awe nani. Gitaa langu alilitazama kwa mashaka siku ya kwanza, akauliza, "Hini nayo yuwapigiwa Mungu?" Nikamwambia ndiyo, Bi. Akafikiri. "Basi mpigie taratibu, yuwasikia."

Mazoezi tulifanyia stoo ya kanisa, si mbali na stesheni ya reli, chumba cha viti vilivyopandana na harufu ya vitabu vilivyorowa. Wazee wote walitukataa isipokuwa Mzee Zakaria. Yeye aliyekuwa mtu mkubwa katika reli, mtaratibu, suruali yenye mkunjo wa pasi, ndiye aliyesimama barazani akasema, "Waacheni vijana, bora wapige kelele humu kuliko huko nje." Ndiye aliyetutafutia ngoma kutoka hoteli iliyofungwa. Ndiye aliyetufungulia mlango kila Jumamosi. Tulimsikia kwa funguo kabla ya kumwona, nasi tukafurahi, kwa sababu mlio ule ulikuwa na maana ya muziki. Mkewe alikuja na birika la chai ya tangawizi na chapati zilizofungwa kwa kitambaa. Tulimwita Mama Zakaria, kwa jina la mumewe, kwa vile hawakujaliwa mtoto. Mwanamke mwembamba, mwepesi wa kucheka, ila alicheka akiwa ameziba kinywa. Mwaka mzima sikuwahi kujiuliza jina lake.

Kanisani tulikuwa na kikapu cha maombi. Jumapili, mwenye shida aliandika kwenye karatasi, bila jina, akaikunja, akaitia. Jumatano vijana wanne tulikaa kwenye mkeka tukazigawana, kila mmoja akasoma zake kimoyomoyo na kuziombea, kisha mmoja wetu akazichoma nyuma ya kanisa katika mkebe wa maziwa ya unga. Hiyo ilikuwa ahadi yetu kwa watu: kinachosomwa pale kinakwenda kwa Mungu na motoni, hakiendi kwingine, hata kwa mchungaji. Ndiyo maana watu waliandika. Mwenye zamu ya kuchoma nilikuwa mimi. Jumatano moja nikakuta karatasi iliyochanwa kwenye kalenda, mwandiko mdogo wa kalamu ya risasi: *Baba, kila jioni ananipangia vijiko sita mezani nivihesabu kwa sauti. Vyote vipo. Siku zote vyote vipo. Naomba siku moja nisihesabu.* Niliisoma nikasimama nayo mkononi moto ukiwaka. Ningependa kusema nilimwonea huruma aliyeiandika. Sikumwonea. Niliona ni nzuri, Mungu anisamehe, hilo ndilo nililoliona, uzuri, na kwamba Righa alikuwa akihangaika mwezi mzima kutafuta maneno. Nikaitia ndani ya kiatu, nikaenda nyumbani nikichechemea.

Wimbo ulitoka kwa siku mbili. Beti zilikuwa za polepole, "vyote vipo, Baba, vyote vipo," kisha Oti akaingia na ngoma, na kiitikio kilikuwa hesabu tupu: kimoja, viwili, vitatu, vinne, vitano, na hapo vyombo vyote vinanyamaza nukta moja, halafu kanisa zima, sita! Jumapili ya vijana tulipouimba watu walisimama. Wamama walipunga leso. Mchungaji wiki iliyofuata akauhubiria, akasema vile vijiko sita ni siku sita za kazi, na anayehesabu ni mwaminifu anayengoja Sabato ya Bwana. Nami nikaitikia amina kama mjinga. Nilichokiona ile Jumapili ya kwanza, na nikakipuuza, ni Mama Zakaria safu ya tatu, amekaa wakati wote wamesimama, mikono ameifumbata nyuma ya mgongo, hapo kitini. Na mumewe amegeuka, hatutazami sisi, anamtazama yeye. Tulipomaliza alikuwa wa kwanza kupiga makofi. "Ule wa vijiko," alituambia Jumamosi iliyofuata akifungua mlango. "Nataka niusikie kila Jumapili." Na kila Jumapili tukauimba.

Mwezi wa pili akatualika chakula cha mchana nyumbani kwake, kota za reli, meza yenye kitambaa cha plastiki cha maua. Kulikuwa na wali, maharagwe ya nazi, kuku wa mchuzi, na Mama Zakaria akizunguka na bakuli huku akituhimiza, "Kuleni wanangu, kuleni." Baada ya kula wenzangu walitoka uani. Mimi nikakumbuka sijamshukuru mpishi, nikarudi ndani na sahani zangu mbili. Kwenye ujia nikasikia sauti yake, ndogo, iliyonyooka. "Kimoja. Viwili. Vitatu." Kila neno lilifuatwa na mlio mdogo wa chuma kwa chuma. "Vinne. Vitano. Sita." Kisha sauti ya mumewe, ya upole ule ule aliotumia kutuambia tusisahau kuzima taa: "Vizuri. Tena." Pazia lilikuwa wazi kiasi. Vijiko vilikuwa vimepangwa mstari mmoja. Yeye ndiye aliyekuwa akivigusa kimoja kimoja kwa ufunguo, na mkewe amesimama, mikono nyuma. Nikataka kurudi kinyumenyume, na hakugeuka, naapa hakugeuka, akasema, "Ingia, Mwende. Wewe unaujua. Hesabu naye." Na mimi, aliyewafundisha watu mia tatu kuhesabu, niliingia na sahani zangu, nikasimama kando yake, nikahesabu naye. Tulifika sita pamoja. "Mmeona?" akasema. "Vyote vipo."

Jumatano iliyofuata Mama Zakaria alinijia nyuma ya kanisa, mkebe ukiwaka. Alisimama upande wa pili wa moshi. "Mwende mwanangu, nakuuliza na Mungu yuasikia. Karatasi za maombi, zote mnazichoma?" Nikamwambia zote, Mama. "Hakuna iliyowahi kutoka?" Hakuna, Mama. Huku ile yake iko chumbani kwangu, katikati ya daftari la nyimbo. Nilimwogopa yeye kwa kuwa nilimdhulumu, nikamwogopa mumewe zaidi, na woga ulinipa ulimi mwepesi kuliko siku zote. "Basi ni Mama Mchungaji," akasema. "Yeye peke yake ndiye niliyewahi kumdokezea. Kumbe amewapa ninyi watoto mfanyie wimbo." Ningeweza kusema neno pale. Nilichukua kijiti nikachochea moto. Akaniambia kwamba siku hizi ni mara tatu kwa siku, na akikosea anaanza upya. "Na yeye hachoki?" nikauliza. "Hachoki," akasema, akajifuta macho na kuniambia ni moshi.

Ijumaa moja, watu wakitoka msikitini, nikasikia mtu akipanda ngazi za Bi Zuhura kwa kukimbia. Alikuwa Mama Zakaria, kandambili mguu mmoja, hana hata kipochi. Alisema amekuja kwangu kwa sababu mbili: mumewe hana mtu Mji wa Kale, na mimi ndiye mtu wa pekee kanisani ambaye hakumdanganya. Hivyo ndivyo alivyosema. Bi Zuhura akatoka jikoni na mikono ya unga, akamtazama toka utosini mpaka ule mguu mtupu, hakumwuliza kisa, akamwashiria aje. "Ndoo, keti. Jina lako n'nani?" Mama Zakaria, akajibu. "Aka! Hilo la mumeo. Nakuuliza lako wewe." Akakaa kimya kama mtu anayetafuta kitu alichokiweka mbali. "Salome," akasema. Alilala kitandani kwangu siku tisa, mimi nikalala chini kwenye mkeka, na daftari nililihamisha nikalificha ndani ya mfuko wa gitaa. Siku tisa niliisikia pumzi yake, na kila asubuhi nilijiambia leo nitamwambia, na kila asubuhi Bi Zuhura akaleta mahamri na mbaazi, Salome akacheka bila kuziba kinywa, nikashindwa.

Siku ya nne, baada ya alasiri, nikasikia funguo kichochoroni. Alikuwa amewazungukia washirika wote, nyumba kwa nyumba, sasa ilikuwa zamu yangu. "Hodi wenyewe!" Salome hakupiga kelele, wala hakujificha. Alisimama nyuma ya mlango wa chumba, akapeleka mikono nyuma, akanyooka. Mpaka leo nikifumba macho namwona hivyo. Bi Zuhura akafungua dirisha la mbele. "Karibu hapo hapo chini, baba." Akasema anamtafuta mkewe, ana ugonjwa wa akili, huenda amekuja kwa huyu msichana. "Humu mna wanawake watupu, na mume mgeni hapandi. Rudi kwako, Mungu atakuonyesha." Nikaitwa nishuke. Nikashuka. Nilimwambia sijamwona, Mzee, na sauti iliyonitoka hata mimi ningeijua kuwa ya uongo. Akanitazama kwa upole. "Basi nitangoja," akasema, "labda atapita." Akaketi baraza ya nyumba inayotuelekea, kicha mapajani, akawa anazipitisha funguo moja moja kidoleni mpaka magharibi. Kesho yake akaja tena. Na kesho kutwa. Majirani wakamwamkia, wakampa kahawa, maana mgeni ni mgeni. Ndani hatukuongea ila kwa kunong'ona. Salome aliacha kula chakula cha jioni.

Siku ya tisa palikuwa na harusi mtaa wa pili, na wanawake wa kwetu walikuwa wakienda kumtazama bibi harusi. Bi Zuhura akawakusanya kumi na wawili ghorofani, mabuibui na udi na viatu vya visigino, Salome akawa wa kumi na tatu, katikati, ameinamisha uso. "Wewe hutokwenda," Bi Zuhura akaniambia. "Wewe telemka na kahawa, usimame mbele yake, usiondoke mpaka tupite." Jamani, sijui nilishukaje. Kikombe kiligongana na kisahani njia nzima. Nilisimama mbele yake, jua nyuma yangu, akaipokea kahawa lakini hakuinywa. "Nyumbani vimebaki vitano, Mwende," akasema. "Kimoja kimepotea. Nimetafuta kila mahali." Nyuma yangu mlango ukafunguka, nikasikia vigelegele na visigino. Akainua kichwa kutazama. Na mimi mwoga, sijui nani alinifungua kinywa, nikaimba. Vyote vipo, Baba, vyote vipo. Macho yake yakanirudia. Nikaingia kwenye kiitikio, kimoja, viwili, na mabuibui yanapita, vitatu, vinne, na udi ukinifikia puani, vitano, nikanyamaza ile nukta yetu kwa mazoea, na katika kimya kile nikasikia kandambili moja ya mpira kati ya viatu vyote vile. "Sita," akasema yeye, akatabasamu. Alipotazama tena kichochoro kilikuwa kitupu. Mwezi huo nikaacha bendi. Waliniuliza kwa nini, nikawaambia kazi imekuwa nyingi.

Bi Zuhura alikwisha kufa, lakini mpwa wake Mwanaidi alijua Salome yuko wapi siku zote hizi, na hakumwambia mtu. Nikaenda Msambweni siku ya tano ya zile wiki mbili nilizoomba, nikitazama nyuma kila mahali nilipobadilisha gari, nikiogopa mzee wa mkongojo ambaye hawezi hata kupanda ngazi. Nilimkuta Salome barazani kwake na cherehani, anashona sare za shule, nywele nyeupe, mnene kidogo. Alinikumbatia muda mrefu. Akapika chai, akanikorogea sukari yeye mwenyewe, kwa kijiko kizito cha zamani kisichofanana na vingine mezani. Nilikitambua, nikasahau nilivyopanga kuanza. Nikamwambia yote kwa mara moja: karatasi, kiatu, moshi, daftari. Nikatoa karatasi yenyewe, ya kalenda, imekuwa njano, nikaiweka juu ya kitambaa cha sare. Hakuigusa. Alichoniambia kwanza hakikuwa juu yake wala juu ya wimbo. "Mama Mchungaji alinitumia salamu kwa Bi Zuhura, mara tatu," akasema. "Alipougua akaomba nimpigie simu tu. Mara tatu, Mwende. Sikumjibu mpaka akafa." Nikasema nisamehe. "Toka nje kidogo," akasema. Nilikaa uani karibu saa nzima, juu ya ndoo iliyopinduliwa, nikimsikia ndani analia kwa hasira, anasema na mtu asiyekuwepo.

Aliponiita macho yalikuwa mekundu na uso mkavu. Hakuniambia amenisamehe, wala mimi sikuuliza tena. Nilimweleza habari za albamu, kwamba Oti anangoja, mjane wa Righa anangoja, na yule mzee pia anangoja, na kwamba akisema usiwekwe hautawekwa. Akachukua kile kijiko akakilamba chai iliyobaki, akakiweka kando ya karatasi. "Nilipotoka sikuchukua nguo," akasema. "Nilichukua hiki. Nikajua kwamba maisha yake yote hatafika tena sita. Wekeni wimbo. Muandike maneno ni ya Salome, jina hilo tu, na ajue. Ila mwambie huyo kijana wa ngoma asifike sita. Cha sita ni changu." Nikamwambia mzee bado hai, Mama, ana nguvu za kutosha kuuliza maswali. "Na mimi bado hai," akasema. Njiani kurudi nilitetemeka mpaka abiria mwenzangu akaniuliza kama nina malaria.

Oti alilalamika. Alisema ni kuharibu, kwamba sita ndiyo wimbo wenyewe, watu watadhani kaseti ilikwaruzika. Nikamweleza kila kitu, naye akasema mambo juu ya Mzee Zakaria ambayo siyaandiki. Albamu ilizinduliwa Jumapili moja mwezi uliopita katika ukumbi wa kanisa, viti vya plastiki, soda na keki, picha kubwa ya Righa ukutani. Salome hakuja, hakuwa na haja. Mzee Zakaria alikuja mapema akakaa safu ya mbele, suruali na mkunjo wake wa pasi, kicha mkononi. Alikuwa ameshika kijitabu cha albamu karibu na miwani, kidole kimesimama kwenye mstari mmoja, hakisogei. Nilikaa pembeni, viti vinne kutoka kwake. Oti akabonyeza. Sauti ya Righa wa miaka ishirini ikaujaza ukumbi, vyote vipo, Baba, na besi yangu ya kitoto chini yake, na watu wakainuka kwa furaha kama zamani. Kimoja, ukumbi ukahesabu. Viwili. Vitatu. Vinne. Vitano. Vyombo vikanyamaza, watu mia tatu wakavuta pumzi, na Righa hakusema kitu. Besi ikaendelea mstari mmoja peke yake, kisha beti. Watu wakabaki vinywa wazi, wakatazamana, mmoja akacheka, wakafuatisha. Mzee Zakaria hakufuatisha. Aligeuza kichwa polepole mpaka akaniona, na mimi sikuinamisha macho. Midomo yake ikasema sita. Akangoja. Akaisema tena, safari hii kwa sauti, nikaisikia wazi juu ya muziki, na hakuna mtu aliyemwitikia.